Mpaka Dhuha

Kipupwe kikiingia Lushoto, kati ya Juni na Agosti, ukungu hushuka kutoka msitu wa Magamba kabla ya adhana ya alfajiri na hauondoki mpaka jua limepanda sana. Wazee hutoka nje taratibu, wakatafuta ukuta unaotazama mashariki, wakaota jua mikono ikiwa ndani ya makoti. Mazungumzo yao ya kwanza si siasa wala bei ya viazi. Ni magoti: nani ameamka vipi, nani vidole vimekataa kufunga kifungo cha shati, nani alijua tangu jana jioni kwamba leo kutakuwa na ukungu kwa sababu nyonga ilimwambia.

Jambo moja katika mazungumzo hayo hunishika kila mara. Hakuna anayemdai mwenzake ushahidi. Mzee akisema goti limemnyima usingizi, waliobaki huitikia kwa kichwa, yakaisha. Goti hilo hilo likipelekwa hospitali litapigwa picha ya eksirei, na hapo ndipo linapoanza fumbo ambalo watafiti wa maradhi ya viungo wamekutana nalo miaka mingi: picha na maumivu mara nyingi havifuatani. Yuko mtu ambaye gegedu lake limelika, mfupa umekaribia mfupa, naye anapanda kilima cha Irente bila kulalamika. Yuko mwingine ambaye picha yake haionyeshi kitu cha kutisha, naye usiku hageuki kitandani bila kuguna. Daktari mkweli hubaki akitegemea kauli ya mwenye goti.

Nabii Zakaria alipomwita Mola wake kwa siri, uzeeni, neno lake la kwanza lilikuwa juu ya mifupa yake iliyodhoofika. Mvi alizitaja baadaye. Nimejiuliza kwa nini alieleza hali ya mifupa mbele ya Aliyeiumba na anayeijua kuliko yeye. Labda kueleza kwenyewe kulikuwa sehemu ya ibada. Maumivu ya viungo hayana damu wala jeraha, hayaonekani na jirani, na mtu anayeyabeba miaka ishirini bila kuulizwa hufika mahali akaanza kuyashuku mwenyewe.

Wazee wa Lushoto wanasema mkosaji ni baridi. Mtu akishuka kilomita zipatazo 33 hadi Mombo, kwenye joto la nyika, anarudi akisimulia kwamba huko magoti yalinyamaza. Sayansi imelisikiliza dai hili kwa muda mrefu, na majibu yake hayajawa mamoja. Mwaka 1996 Donald Redelmeier na Amos Tversky walichapisha utafiti wa wagonjwa 18 wa baridi yabisi waliofuatwa kwa miezi 15. Imani ya wagonjwa katika hali ya hewa ilikuwa kubwa. Hesabu hazikuonyesha uhusiano. Akili ya binadamu, kwa maoni yao, huona mpangilio hata pale pasipo na mpangilio. Mwaka 2017 watafiti wengine wa Marekani walipitia mahudhurio zaidi ya milioni 11 ya wazee kwa madaktari, nao hawakuona siku za mvua zikileta wagonjwa wengi zaidi wa viungo au mgongo.

Hapo mimi hutabasamu. Njia za Lushoto zikilowa, ule udongo mwekundu huteleza kama sabuni, na mwenye goti bovu ndiye mtu wa mwisho kutoka nyumbani siku hiyo. Ukihesabu wanaofika kwa daktari, umehesabu wanaoweza kutembea.

Kisha mwaka 2019 kundi lililoongozwa na William Dixon wa Chuo Kikuu cha Manchester lilitoa matokeo ya namna nyingine. Halikwenda kutafuta kumbukumbu za zahanati. Liliwaomba watu wa Uingereza waandike maumivu yao kila siku kwenye simu, huko huko walikokuwa, na taarifa za watu 2,658 zikachambuliwa kwa kipindi cha miezi 15. Siku zenye unyevunyevu mwingi, mgandamizo mdogo wa hewa na upepo mkali zilikuwa na maumivu zaidi. Tofauti haikuwa kubwa, ila ilikuwepo. Halijoto peke yake haikuonekana kuwa na uzito.

Basi huenda ni ukungu, wala si baridi. Wazee wanaoota jua walikosea jina la mkosaji, lakini hawakukosea kwamba kuna aliyepita usiku. Ninachokipenda katika utafiti huu ni namna ulivyomuuliza mtu kila siku bila kuchoka, kisha ukayaweka majibu yake kwenye mizani bila kumdharau wala kumwamini kijinga. Nimekutana na masheikh na wachungaji wachache wenye subira ya kiasi hicho.

Kuna swali jingine, dogo zaidi, ambalo naliona kama dua iliyovaa koti jeupe. Daktari humuuliza mgonjwa: ukiamka, viungo vinakakamaa kwa muda gani? Magoti yaliyosagika kwa umri na kazi hukakamaa asubuhi, lakini huachia upesi, mara nyingi ndani ya nusu saa. Baridi yabisi ni habari nyingine. Kinga ya mwili, iliyowekwa itulinde, hugeukia utando laini wa viungo vyetu wenyewe, na kemikali zinazochochea uvimbe hupanda usiku wa manane kuelekea alfajiri. Mgonjwa huamka vidole vimekuwa vijiti. Hawezi kuinua birika la udhu. Vidole hulegea kidogo kidogo, na hilo huchukua saa nzima au zaidi.

Mwulize bibi wa Mlalo swali hilo kwa dakika, atakutazama tu. Mwulize kwa sala.

“Bibi, vidole vinalegea wakati gani?”

“Zamani nilikuwa nikimaliza udhu vimelegea, mwanangu. Siku hizi mpaka dhuha.”

Katika jibu hilo tayari umepewa nusu ya uchunguzi. Kati ya udhu wa alfajiri na jua la dhuha ndipo yanapotengana maradhi mawili ambayo majirani huyaita jina moja, na ambayo dawa zake hazifanani. La kwanza hutaka mazoezi, kupunguza uzito na dawa ya maumivu. La pili hutaka dawa za kuituliza kinga, tena mapema, kwa sababu kiungo kikishaliwa hakirudi.

Mwaka 1987 chama cha Marekani cha madaktari wa maradhi hayo kilipotoa vigezo saba vya baridi yabisi, ukakamavu wa asubuhi unaodumu walau saa moja ulikuwa kimojawapo. Vigezo vya mwaka 2010, vilivyoandaliwa pamoja na wenzao wa Ulaya ili ugonjwa utambuliwe mapema, vimeuacha. Vinahesabu viungo vilivyovimba au vinavyouma, vinapima damu, vinatazama ugonjwa umedumu kwa muda gani. Sibishani na damu. Inasema kweli ambazo ulimi hauzijui. Lakini kwa anayeishi Mtae, ukingoni mwa milima, alfajiri iko karibu kuliko maabara, na ningehuzunika kama kijana wetu anayesomea udaktari angeacha kuiulizia.

Waislamu wanaijua hadithi isemayo kwamba mwanadamu ameumbwa na viungo 360, na kwamba kila kiungo kinadaiwa sadaka kila siku jua linapochomoza. Rakaa mbili za dhuha hutosha kulipa deni lote. Nimeisikia tangu utotoni kama habari ya thawabu. Siku hizi naisikia kwa sikio la yule bibi. Saa iliyotajwa kwa ajili ya shukrani ya viungo ndiyo saa ambayo viungo vyake vinaanza kumtii. Wakristo wa Vuga na Bumbuli nao wanaye Yakobo, aliyeshindana mweleka usiku kucha akateguliwa nyonga, na jua likamchomozea akiwa anachechemea. Alipewa jina jipya na baraka. Hakuna panaposimuliwa kwamba nyonga iliponywa kwanza.

Si kila alfajiri inaishia kwenye uponyaji, na dini iliyo timamu haijadai hivyo. Asiyeweza kusimama husali ameketi, asiyeweza kuketi husali amelala. Viti vya plastiki vilivyopangwa pembeni mwa safu misikitini mwetu ni ruhusa hiyo iliyopata miguu minne. Kuna vijana huvitazama kwa jicho la huruma. Waache wazeeke.

Nje ya milima yetu, katika wilaya ya Hai chini ya Kilimanjaro, watafiti wa hospitali ya KCMC ya Moshi na wa Chuo Kikuu cha Glasgow wamepita nyumba kwa nyumba wakiwatafuta watu wenye maumivu ya viungo na kuuliza yamewagharimu nini. Njia hiyo naiheshimu, kwa sababu humfuata mwenye goti badala ya kumngoja. Moja ya zana wanazotumia, iitwayo GALS, ilibuniwa Uingereza na kuchapishwa mwaka 1992. Hutazama mwendo, mikono, miguu na uti wa mgongo, na huanza na maswali matatu. Una maumivu au ukakamavu katika misuli, viungo au mgongo? Unaweza kuvaa nguo zako zote bila shida? Unaweza kupanda na kushuka ngazi bila shida?

Swali la tatu limenikalisha muda mrefu. Nyumba nyingi za Lushoto hazina ngazi, lakini mlima wote ni ngazi. Shamba liko juu, maji yako chini, soko la Soni liko chini zaidi. Na katika kupanda na kushuka, kushuka ndiko goti linakokuchukia, maana uzito wote wa mwili huangukia mbele yake kila hatua. Tena swali limemdhania mtu mikono mitupu. Mama wa Kisambaa hashuki mikono mitupu. Anashuka na kabichi, karoti au mzigo wa kuni kichwani, na waliomtangulia walifanya hivyo hivyo, hata katika miaka ya 1950 wakoloni walipowalazimisha kuchimba matuta kwenye miteremko mpaka watu wakagoma.

Mwaka 1986 Geoffrey Maloiy wa Nairobi na wenzake walichapisha katika jarida la Nature habari iliyoushangaza ulimwengu: wanawake wa Kiluo na Kikuyu waliweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia oksijeni zaidi ya wanapotembea bila mzigo. Watu wakastaajabia mwendo wa mwanamke wa Kiafrika. Kilichopimwa kilikuwa pumzi. Shingo na magoti ya wanawake hao baada ya miaka thelathini ya kuni hayakuwamo katika swali.

Hadithi ile ya viungo, katika baadhi ya mapokezi yake, hutaja sadaka zenyewe: kuondoa jiwe au mwiba njiani, kumsaidia mtu kupandisha mzigo wake juu ya mnyama. Nimeisoma tena nikiwaza njia za Magamba, ambako mnyama wa kubeba mara nyingi ni mwanamke. Basi fomu za watafiti zikifika Lushoto, na naomba zifike, chini ya lile swali la ngazi ningependa waongeze mstari mmoja wamuulize: mzigo wako nani anakutwika, na ukifika nyumbani nani anakutua?