Shamba la Anathothi

Ulikuwa mwaka wa kumi wa Sedekia, mfalme wa Yuda. Jeshi la Babeli lilikuwa limeuzingira Yerusalemu, maboma ya udongo yakizidi kupanda kuelekea kuta, na njaa imekwisha kuingia mjini. Nabii Yeremia alikuwa mfungwa katika ukumbi wa walinzi, kwenye jumba la mfalme. Akaja Hanameli, mtoto wa ami yake, kumwuzia shamba. Shamba lenyewe liko Anathothi, kilomita kama 5 kaskazini-mashariki mwa mji, yaani nje ya kuta, huko huko alikopiga kambi adui.

Sidhani kama kuna biashara mbaya kuliko hii katika Biblia nzima. Mnunuzi yuko kizuizini. Tena ni yeye aliyehubiri kwamba mji utatekwa na mfalme atachukuliwa, na maneno hayo ndiyo yaliyomfungisha. Hana mke wala mtoto, maana sura ya 16 ya kitabu chake inasema aliagizwa asioe, kwa hiyo hana wa kumrithisha. Na Anathothi, ijapokuwa ni kwao, haikumtendea wema: wenyeji wake waliwahi kutaka kumwua ili anyamaze. Leo Hanameli anakuja akitaja haki ya ukombozi, ile desturi ya Walawi 25 inayomtaka ndugu wa karibu aikomboe ardhi isitoke nje ya ukoo. Ndugu wa namna hii tunawajua. Siku za neema huwaoni. Siku ya dhiki wanaukumbuka ukoo hadi babu wa tatu.

Yeremia akanunua. Alilipa shekeli 17 za fedha, akazipima kwa mizani kwa kuwa Yuda ya siku zile haikuwa bado na sarafu. Ni karibu gramu 200 za fedha, si mali nyingi, lakini ni nyingi kwa mtu ambaye chakula chake ni mkate mmoja kwa siku kutoka mtaa wa waokaji.

Kinachonivutia katika sura ya 32 ni jinsi inavyokaa kwenye taratibu. Hati iliandikwa kwa nakala mbili, moja ikatiwa muhuri, nyingine ikaachwa wazi. Mashahidi wakatia majina yao. Baruku mwana wa Neria akakabidhiwa hati hadharani, mbele ya wote waliokuwa wamekaa ukumbini, akaambiwa aziweke katika chombo cha udongo zidumu siku nyingi. Mtu aliyenunua kiwanja pembezoni mwa Dar es Salaam anaisoma sura hii kama mwenyeji: mkataba wa mauziano, mashahidi wa pande mbili, muhuri wa serikali ya mtaa, na nakala ya akiba kwa ndugu anayeaminika. Hakuna anayejisumbua hivyo kwa ardhi aliyokwisha kuikatia tamaa. Siku ile hatusikii Yeremia akipaza sauti wala akitokwa machozi, naye ni nabii aliyelia kuliko wote. Tunamwona akipima fedha na kuangalia kama muhuri umekaa vizuri.

Alifanya hivyo kwa amri ya nani? Mwenye kiti cha enzi alikuwa Sedekia. Alikuwa na askari, magereza na wakuu, lakini sura ya 38 inamwonyesha akikiri mbele ya wakuu hao kwamba hana uwezo wa kuwapinga. Baadaye anamwita Yeremia kwa siri, anamwuliza neno la Bwana, halafu anamsihi asimwambie mtu walichozungumza. Basi mfalme anamwogopa kila mtu, na mfungwa wake haogopi. Tofauti haikuwa ujasiri wa kuzaliwa, kwa maana Yeremia mwenyewe alianza kazi kwa kujitetea kwamba yu mtoto na hajui kusema. Yeye alikuwa chini ya mamlaka moja tu, naye Sedekia alikuwa chini ya nyingi.

Hata hivyo, angalieni alivyolishughulikia neno alilopewa. Alikuwa ameambiwa kwamba Hanameli atakuja, lakini anasimulia kwamba ni pale Hanameli alipotokea kweli ndipo alipojua kuwa lile ni neno la Bwana. Kufikia hapo alikuwa ametabiri miaka ipatayo 40. Nabii wa miaka 40 bado anangoja kuona! Siku hizi tunawasikia watu wakisema Mungu ameniambia kabla hata kahawa haijapoa.

Mwenye haraka wa zama zile alikuwa Hanania. Miaka michache kabla ya mji kuzingirwa alisimama hekaluni akatangaza kwamba nira ya Babeli itavunjwa ndani ya miaka 2 na vyombo vya hekalu vitarudi. Yeremia alijibu amina. Naye angependa iwe hivyo. Lakini aliongeza kwamba manabii wa kale walinena vita na maafa, na anayetabiri amani hutambulikana neno lake likitimia. Hanania akafa mwaka huohuo. Kosa lake naliona hapa: Mungu aliyemtangaza hakuwa na uwezo wa kusema hapana. Alikubali kila kitu ambacho umati ulikwisha kukitamani, na Mungu wa namna hiyo hawezi kumwamuru mtu. Ahadi yake itakuwa na uzito gani?

Nimesikia shamba la Anathothi likihubiriwa kama somo la uwekezaji: toa sasa, utavuna mara mia. Mhubiri wa hivyo hajasoma hadi mwisho. Mji uliteketezwa. Baadaye watu waliobaki walimchukua Yeremia hadi Misri kinyume cha neno alilowapa, na Biblia haimtaji tena akikanyaga ardhi ya Anathothi. Hakuvuna hata suke. Koreshi wa Uajemi alipowaruhusu Wayahudi kurudi, mwaka 538 kabla ya Kristo, ilikuwa imepita karibu nusu karne. Katika orodha ya waliorudi, Ezra 2, kati ya majina ya vijiji na hesabu zake, wamo watu wa Anathothi, 128. Ahadi ilikuwa kwamba nyumba, mashamba na mizabibu vitanunuliwa tena katika nchi ile. Haikusema kwamba mnunuzi atakuwa Yeremia.

Lakini hayo yalikuwa bado mbele. Siku ya ununuzi, baada ya Baruku kukabidhiwa hati, Yeremia aliomba. Mpangilio huo si bure: alilipa kwanza, akauliza baadaye. Sala yake inaanza vizuri, kwamba Mungu ameziumba mbingu na nchi na hakuna lililo gumu kwake. Inapita Misri, inafika nchi ya ahadi. Kisha inakwama. Anamwonyesha Mungu maboma ya adui, kana kwamba Mungu hayaoni, na kumaliza kwa maneno yenye harufu ya lawama: mji umetiwa mikononi mwa Wakaldayo, yaani Wababeli, nawe umeniambia ninunue shamba. Hapo anaacha, bila hata amina. Wengi wetu tungeifuta sala kama hiyo kwa kuona ni utovu wa imani. Imeachwa palepale, muhuri wa hati ukiwa haujakauka.

Jibu linaanza kwa kumrudishia maneno yake mwenyewe kama swali: je, kuna lililo gumu kwangu? Msomaji angetarajia sasa jeshi liondolewe. Badala yake Mungu anarudia, kwa kirefu, kwamba Wakaldayo wataingia na kuuchoma mji, na anataja sababu, zikiwamo madhabahu za Baali na watoto waliopitishwa motoni. Baada ya hapo ndipo anaposema atawakusanya na kuwapanda katika nchi hii kwa moyo wake wote. Halafu inakuja hoja ambayo Hanania asingeweza kuitoa kamwe: kama vile alivyoleta mabaya yale yote, ndivyo atakavyoleta mema aliyoyaahidi. Dhamana ya mema ni kwamba mabaya nayo aliyasema mapema, na yakaja. Yeremia hakuhitaji ushahidi mwingine. Maboma aliyoyalalamikia katika sala yake yalikuwa pale nje, yakionekana kutoka ukutani.