Jelatini, Istihala na Chanjo ya Mafua Shuleni

Nchini Uingereza, ambako watoto hupewa chanjo ya homa ya mafua shuleni kwa kupuliziwa dawa puani, baadhi ya wazazi Waislamu wameuliza kama dawa hiyo, iliyotiwa jelatini ya nguruwe ili isiharibike, ni halali. Wanazuoni waliokutana Kuwait mwaka 1995 waliitegemea kanuni ya istihala, yaani kugeuka kwa najisi kuwa kitu kingine chenye sifa tofauti, wakaihesabu jelatini kuwa twahara. Wengine hukataa wakisema mageuzi hayo hayakamiliki, na wapo wanaoshika hoja ya dharura, hoja ambayo kwa hakika hudhoofika pale sindano isiyo na jelatini inapopatikana. Basi wajibu wa mwandaaji wa chanjo shuleni hauishii kwenye fomu ya idhini ya wazazi, bali unadai sindano hiyo iwepo siku ileile.