Ni Nani Alipaye Gharama ya Sadaka?

Mwaka 1960, katika mashindano ya sataranji ya Mar del Plata, nchini Argentina, Boris Spassky alikabiliana na Bobby Fischer, kijana wa miaka 17. Spassky alifungua kwa gambiti ya mfalme: katika hatua ya pili alimwacha askari wake aliwe bure, ili vipande vingine vipate njia ya kushambulia. Fischer akamla askari yule. Lakini kwenye hatua ya 29 akasalimu amri.

Watu husema: Tazameni faida ya kujitoa! Lakini, ndugu msomaji, ni nani aliyejitoa hapo? Askari hakuulizwa, na ushindi ukawa wa aliyemtoa. Ubaoni si dhambi, kwani askari ni kipande tu, na mchezo ukiisha hupangwa tena mahali pake. Mwanadamu aliyepotezewa maisha yake harudishiwi. Baba amwachishaye binti shule ili kaka yake asome, kisha akasema, “Tumejitolea,” ametoa cha nani?

Sadaka ya kweli hutoka katika mali, wakati na raha ya mtoaji mwenyewe. Basi kabla ya kujisifu kwa kutoa, na tujiulize: aliyelipa ni nani?