Padri aliyekataa ushahidi wa bure

Mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza: Je, Mkristo anaweza kuwa mwanasayansi bila kuisaliti dini yake? Nikamtajia Georges Lemaître, padri Mkatoliki wa Ubelgiji.

Mwaka 1927 padri huyu alitoa hoja kwamba ulimwengu unatanuka, na mwaka 1931 akasema ulianza kutokana na kitu kimoja kidogo mno kilichosongamana. Katika hesabu zake Mungu hakutajwa. Alitafuta sababu za kimaumbile tu, kama ambavyo angefanya mtu asiye na dini.

Mwaka 1951 Papa Pius wa 12 aliizungumzia nadharia hiyo kana kwamba sayansi imeushuhudia uumbaji. Ungedhani padri angefurahi. La! Kwake nadharia ya fizikia haithibitishi dini wala haiikanushi. Hupimwa kwa darubini, na kesho huenda ikarekebishwa.

Ndugu msomaji, nakiri kuwa zamani ningesimama na Papa. Nani hapendi shahidi wa bure? Lakini aliyeiegemeza imani yake kwenye nadharia, siku ikianguka ataegemea wapi?

Wapo pia wanaokosea kwa upande wa pili. Kutafuta sababu za kimaumbile ni utaratibu wa kazi. Kudai kuwa hakuna chochote zaidi ya maumbile ni itikadi, na hakuna maabara iliyoipima. Padri aliushika utaratibu, itikadi akaiacha.

Kijana akauliza tena: "Mwalimu, na sisi tunaokimbilia kusema kila ugunduzi umo ndani ya Qur'an?" Nikamjibu kuwa swali hilo linatuhusu vilevile.