Ramadhani, darsa la leo: Gari lenye ila



Umeletewa mchomoko wa bei nafuu pale Omurushaka. Muuzaji kasema wazi: breki hazishiki vizuri, mlimani injini inachemsha. Huyo katimiza. Mtume (s.a.w.) alitia mkono kwenye rundo la nafaka sokoni, akakuta chini pameloa, akamuuliza mwenyewe kwa nini asiiweke juu watu waione (Muslim).

Ila ukishanunua, siri ni yako. Utapakia abiria wa Nkwenda na Murongo, ile miteremko mnaijua, nao hawajaambiwa kitu. Punguzo umekula wewe, hatari wamebeba wao!

Kwa hiyo jumlisha bei ya gari na ya fundi. Ya fundi huna? Subiri msimu wa kahawa.

Futari njema.