Haki ya Njia

Mtu akifika harusini Tarime mjini kwa baiskeli, wapo watakaomhurumia kabla ya kumsalimia. Watajiuliza kimoyomoyo amepatwa na nini. Mwenye gari amefanikiwa, mwenye pikipiki anajitahidi, na wa baiskeli huyo Mungu amsaidie. Hukumu hiyo hutolewa vivyo hivyo Mugumu, Sirari na Nyamongo, na wanaoitoa wengi ni watu waliotoka kusali asubuhi ileile.

Hapo ndipo habari ya baiskeli inapovuka mipaka ya usafiri. Jamii inayopima utu kwa kasi ya chombo imekwisha kuamua binadamu ni nani, na jambo hilo dini haziwezi kulinyamazia. Je, namna mtu anavyosafiri inamhusu jirani yake na Mungu wake, au ni shauri la mfuko wake peke yake?

Mkoa wa Mara, iliko miji hiyo, una jibu moja la zamani. Oktoba 1967, Julius Nyerere alitoka nyumbani kwake Butiama akaenda Mwanza kwa miguu, mwendo wa zaidi ya kilomita 200, akatumia siku nane. Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa mwanzoni mwa mwaka huo, na vijana walikuwa wakitembea mamia ya kilomita kuliunga mkono. Mmoja wao, Seti Benjamin, alifariki katika matembezi hayo. Rais angeweza kupanda gari, na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake aliuweka mwili wake pale ilipokuwa miili ya wananchi, kwenye vumbi na jua, kwa mwendo ambao mkulima wa pembeni mwa barabara angeweza kuufuata huku wakizungumza. Nyerere alikuwa Mkatoliki wa kusali kila siku. Matembezi yale yanasomwa kama siasa, na siasa ilikuwemo, lakini ndani yake mlikuwa na imani kwamba mkubwa hapungukiwi na kitu akienda kwa mwendo wa mdogo.

Kumbukumbu hiyo haijafa. Kwa miaka kadhaa sasa, msafara wa Twende Butiama huondoka Dar es Salaam kwa baiskeli, hupita mikoa mingi na kufika Butiama kuelekea Oktoba 14, siku aliyofariki Mwalimu Nyerere. Watu humiminika barabarani kuwashangilia wapanda baiskeli hao. Inauma kidogo kwamba kesho yake baba anayepandisha mkungu wa ndizi kwenye karia kuelekea soko la Tarime hashangiliwi na mtu, bali hupigiwa honi atoke njiani.

Jibu la pili lilifika kwa meli. Mwaka 1934 wamisionari wa Kimenoni kutoka Pennsylvania, Marekani, akiwemo Elam Stauffer, walifungua kituo Shirati, wakati huo sehemu ya eneo la Tarime na sasa wilaya ya Rorya. Kanisa la Mennonite Tanzania lilianzia hapo. Wachache kati ya waumini wake wa Mara wanajua kwamba miaka saba kabla, mwaka 1927, Wamenoni wa mkondo wa kale (Old Order) wa Lancaster kule Pennsylvania walikuwa wamegawanyika kwa sababu ya magari. Upande mmoja uliyakubali. Upande mwingine uliyakataa, na hadi leo wazao wao huenda kanisani kwa mikokoteni ya farasi na kwa baiskeli. Majirani zao Waamishi wa Lancaster ni wakali zaidi: hata baiskeli wameikataa, wakihofia kwamba itawapeleka watu mbali mno na nyumbani.

Hakuna haja ya mtu wa Nyamwaga, Tarime, kuwaiga. Kinachofaa kuigwa ni utaratibu wao wa kuuliza. Chombo kipya kinapokuja, jamii ile hukaa chini na kuuliza kitaufanya nini ujirani wao, kisha ndipo iamue. Wakurya wanaujua utaratibu huo vizuri kuliko wanavyojisifia. Wazee wa mila wamekaa vikao vizito juu ya mifugo, mipaka, ndoa na amani kati ya koo. Pikipiki ilipoingia, hakuna aliyeitisha kikao. Kanuni za mwaka 2010 ziliruhusu pikipiki kubeba abiria kibiashara, vijana wakazipanda kwa mkataba, wakaanza kupeleka hesabu kwa tajiri kila siku, na maisha ya barabarani yakabadilika bila mtu kuulizwa.

Kasi huufanya nini ujirani? Kuna jaribio moja ambalo kila mhubiri angepaswa kulijua. Mwaka 1973 wanasaikolojia John Darley na Daniel Batson walichapisha utafiti juu ya wanafunzi 40 wa seminari ya Princeton, Marekani. Kila mmoja alitumwa kwenda kutoa hotuba katika jengo jingine, na baadhi yao hotuba yenyewe ilihusu mfano wa Msamaria Mwema. Njiani waliwekewa mtu aliyejikunyata mlangoni, akikohoa na kugumia kama mgonjwa. Wanafunzi walioambiwa wana muda wa kutosha, asilimia 63 walisimama kumsaidia. Walioambiwa wamechelewa, ni asilimia 10 tu waliosimama. Kuwa na mfano wa Msamaria kichwani hakukuleta tofauti ya kutegemewa. Haraka ndiyo iliyoleta.

Huo ni ushahidi unaotisha. Unamaanisha kwamba huruma, ambayo mafundisho huiweka moyoni, inategemea pia saa na mwendo. Yule Msamaria wa Injili ya Luka alikuwa na mnyama, akampandisha majeruhi. Aliweza kumwona kwa sababu alikuwa akipita kwa mwendo unaomruhusu mtu kuona, na aliweza kusimama bila kusababisha ajali nyingine nyuma yake. Mwenye baiskeli kwenye njia ya kutoka Mugumu kwenda Natta anamwona mzee aliyeketi chini ya mti, anamtambua ni nani, anampa shikamoo na kupata marahaba. Wa gari la vioo vilivyofungwa anaona mti.

Waislamu wanayo habari hiyo kwa uwazi wa kushangaza. Katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume Muhammad aliwatahadharisha masahaba juu ya kukaa njiani, na waliposema hawana mahali pengine pa kuzungumzia, aliwataka waipe njia haki yake. Katika haki hizo aliweka kujizuia kuwaudhi watu na kurudisha salamu. Fikra hiyo ina uzito mkubwa: njia ina haki, kama jirani, kama mgeni, kama yatima. Mtu anaweza kuidhulumu njia. Anayepita kijijini kwa kilomita 90 kwa saa, akaacha watoto wameruka mtaroni, amedhulumu, hata kama hakumgonga mtu.

Na wanaogongwa ni wengi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu milioni 1.19 walikufa barabarani duniani kote mwaka 2021, na zaidi ya nusu ya wanaokufa hivyo ni waenda kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Yaani wanaolipia kasi kwa damu ni wale wasio na bati la kuwafunika.

Wilaya ya Serengeti imewahi kuwa katikati ya ugomvi mkubwa juu ya njia. Mwaka 2010 dunia ilipiga kelele kuhusu mpango wa serikali wa barabara kutoka upande wa Musoma, kupitia Mugumu, kukatiza kaskazini mwa Hifadhi ya Serengeti hadi Loliondo na kuendelea Arusha. Kipande cha ndani ya hifadhi kilikuwa cha kilomita zipatazo 53. Wanasayansi walionya kwamba kingekata njia ya nyumbu zaidi ya milioni moja wanaohama kati ya Serengeti na Masai Mara. Shirika la Kenya la kutetea wanyama, African Network for Animal Welfare, lilikwenda Mahakama ya Afrika Mashariki, na Juni 20, 2014 mahakama hiyo ikaamua kwamba kujenga barabara ya lami kukatiza hifadhi ni kinyume cha Mkataba wa Jumuiya.

Mtu wa Mugumu aliyekuwa akisubiri lami ya kwenda Arusha ana haki ya kuumia. Lakini uamuzi ule ulisimama juu ya hoja ambayo padri, mchungaji na shehe wangeweza kuichukua mimbarini: njia ile ilikuwa na wenyewe kabla ya lami kufika, na mwenye kasi hana ruhusa ya kuwafuta. Ndani ya hifadhi gari haliruhusiwi kuzidi kilomita 50 kwa saa. Sheria ya usalama barabarani imeweka kikomo hichohicho, 50, kwenye makazi ya watu. Nyumbu ana askari wa hifadhi wa kumlindia kikomo chake. Mtoto wa shule ya msingi anayevuka barabara Nyamongo naye ana wenyewe, na ni aibu kwamba ulinzi wake huanza siku ya msiba, wanakijiji wanapofunga barabara kwa mawe kudai matuta.

Jambo hili linawahusu wasichana kuliko mtu mwingine yeyote. Shule za sekondari za kata, zilizojengwa kwa wingi tangu katikati ya miaka ya 2000, zilisogeza elimu karibu. Lakini kata ya Tarime au Serengeti ina vijiji vilivyotawanyika, na binti wa kijiji cha mwisho bado huamka gizani. Njiani hukutana na lifti. Wazazi na walimu nchi nzima wanajua lifti hiyo hudaiwa nini baadaye, na wanajua mimba ngapi zimeanzia kwenye tandiko la pikipiki. Vijana wa bodaboda wengi ni waadilifu na wanalisha familia, hilo halina ubishi. Ila binti asiye na njia yake mwenyewe ya kufika shule amewekwa mikononi mwa hisani ya mtu mwingine kila asubuhi.

Baiskeli humtoa mikononi humo. Nchini Zambia, utafiti wa vijijini ambako wasichana wa shule walipewa baiskeli ulionyesha kwamba muda wa safari ulipungua kwa takriban theluthi moja na utoro ukapungua kwa zaidi ya robo. Jimbo la Bihar, India, lilianza mwaka 2006 kuwapa wasichana fedha za kununua baiskeli za kwendea sekondari, na watafiti wakakuta uandikishaji wao umepanda kwa asilimia 32. Kuna jambo zaidi ya takwimu. Binti juu ya baiskeli yake anaonekana kijijini kama mtu mwenye safari, na katika jamii ambayo bado inapambana na ukeketaji na ndoa za mapema, kuonekana hivyo ni sehemu ya ukombozi.

Wapo watakaosema kasi nayo ni rehema, na wanasema kweli. Nyumba salama ya Mugumu, anakofanya kazi Rhobi Samwelly na wenzake, na kituo cha Masanga huko Tarime hupokea wasichana wanaokimbia ukeketaji, hasa Desemba shule zinapofungwa. Wapo waliofika baada ya kutembea usiku. Kwa binti wa namna hiyo, gari linalomwahi kabla ya ngariba ni jibu la sala. Mjamzito anayevuja damu anahitaji gari la wagonjwa au dereva wa mpango wa usafiri wa dharura wa m-mama, na anahitaji kupatiwa sasa hivi. Kasi inayomkimbilia aliye hatarini ni huduma. Kasi ya kuwahi baa au kuwaonyesha shemeji chombo kipya ni kitu kingine kabisa, na dhamiri iliyofundwa inaweza kuzitofautisha.

Kuna pia kasi ya uongo. Ivan Illich, padri aliyekuja kuacha kazi za upadri mwaka 1969, alipiga hesabu katika kitabu chake mwanzoni mwa miaka ya 1970: Mmarekani wa kawaida alitumia zaidi ya saa 1,600 kwa mwaka kwa ajili ya gari lake, kuliendesha na kufanya kazi ya kulilipia, ili asafiri kama kilomita 12,000. Ukigawanya, ni chini ya kilomita 8 kwa saa. Kijana wa Tarime aliyechukua pikipiki ya mkataba na kuifanyia kazi alfajiri hadi usiku ili amalize deni hana haja ya kusoma kitabu hicho. Anakiishi.

Milima ni kweli ipo. Kutoka mabonde ya Mto Mara kupanda Tarime, mpanda baiskeli hushuka akasukuma, hasa mwenye madumu ya maji au madebe ya mahindi. Upande wa Mugumu na Natta ardhi ni rafiki zaidi. Baiskeli haitamaliza kila safari, na basi la kwenda Musoma litaendelea kuhitajika. Lakini safari nyingi za wilaya hizi ni fupi: sokoni, shambani, shuleni, zahanati, ibadani. Nchi hii iliwahi hata kuunda baiskeli zake yenyewe, za Swala, katika kiwanda cha NABICO Dar es Salaam.

Kazi ya kwanza ni ya viongozi wa dini, kwa kuwa aibu ya baiskeli ni ugonjwa wa roho na wao ndio waganga wake. Katekista huenda vigangoni kwa baiskeli miaka yote; basi paroko naye aonekane juu yake Jumapili moja, na imamu Ijumaa moja. Parokia, usharika na msikiti vikichangisha harambee ya kwaya au ya jenereta, vichangishe pia ya baiskeli za wasichana wa kidato cha kwanza, na wazee wa mila waitwe kuwabariki hadharani siku ya kuwakabidhi. Halmashauri ya Wilaya ya Tarime hupokea miradi ya jamii kutoka mgodi wa North Mara, na vijiji vya Ikona huko Serengeti hupata mapato ya utalii. Madiwani wadai sehemu yake iende kwenye vijia vya pembeni na matuta mbele ya kila shule, na wakala wa barabara, TARURA na TANROADS, waulizwe kabla ya lami kumwagwa, mwenye baiskeli atapita wapi. Swali hilo liulizwe kwenye mkutano wa kijiji ujao, na lisimame kwenye muhtasari mpaka lijibiwe.