Kumkumbuka Dr. Catherine Hamlin: Je, ni Haki Kufundisha Wakati Wagonjwa Wangoja?



Tarehe 18 Machi mwaka 2020 alifariki mjini Addis Ababa, Ethiopia, mama mmoja mwenye umri wa miaka 96. Jina lake Dr. Catherine Hamlin, daktari mpasuaji. Siku zile dunia nzima ilikuwa imeshikwa na hofu ya korona, hata wengi wetu hatukusikia habari za msiba huo. Tumeona vema kumkumbuka katika gazeti letu la parishi, kwa kuwa maisha yake yanatuletea swali ambalo sisi tuliofundisha miaka mingi katika chuo cha ualimu hatukupata kulijibu vizuri. Swali ni hili: wagonjwa wakiwa wamepanga foleni mlangoni, je, ni haki daktari azitumie saa zake kufundisha wengine?

Kwanza tueleze habari zake. Catherine alizaliwa Sydney, Australia, mwaka 1924, akasomea udaktari huko huko. Mwaka 1959 yeye na mumewe, Dr. Reginald Hamlin, walifika Ethiopia pamoja na mtoto wao mdogo wa kiume. Walikuwa na mkataba wa miaka mitatu tu, wa kuanzisha mafunzo ya wakunga katika hospitali moja ya Addis Ababa. Mkataba ukaisha, wao wasiondoke. Mfalme alipopinduliwa mwaka 1974, na nchi ikaingia katika miaka ya taabu, hawakukimbia. Reginald alifariki mwaka 1993. Catherine akabaki hadi siku yake ya mwisho.

Waliowazuia kuondoka ni akina mama wenye fistula. Ugonjwa huu humpata mama aliyeshikwa na uchungu siku mbili, tatu, hata zaidi, mtoto asitoke, wala pasiwe na daktari wa kumpasua. Kichwa cha mtoto hukandamiza nyama laini za mama kwenye mfupa wa nyonga hata damu isipite. Nyama ile hufa, na baada ya siku kadhaa hutokea tundu kati ya kibofu cha mkojo na njia ya uzazi. Aghalabu mtoto huzaliwa amekufa, na mama hubaki akivuja mkojo usiku na mchana. Wengi huachwa na waume zao, na majirani huwakwepa kwa ajili ya harufu. Tunamkumbuka yule mwanamke wa Injili aliyetokwa na damu miaka kumi na miwili, akaja kwa nyuma, katikati ya watu, akitaka asionekane. Hivyo ndivyo walivyokuja akina mama wengi kwa Dr. Hamlin, baadhi yao baada ya safari ya siku nyingi. Katikati ya miaka ya 1970 yeye na mumewe walifungua hospitali ya fistula peke yake. Matibabu yalikuwa bure, na aliyepona alipewa gauni jipya la kurudi nalo nyumbani.

Sasa turudi kwenye swali letu. Mpasuaji hodari akifanya kazi peke yake huenda haraka. Akiwa na mwanafunzi, kazi ile ile huchukua muda mrefu zaidi, maana lazima asimame, aeleze, angoje. Basi yuko mama mmoja nje ya mlango ambaye ataambiwa arudi kesho kwa sababu leo daktari alifundisha.

Na liko jambo zito kuliko hilo. Mkono wa mwanafunzi haulingani na mkono wa bingwa. Siku ya kwanza mwanafunzi anaposhika kisu, mwili ulio mbele yake ni wa mtu. Ni wa nani? Kwa kawaida mwenye mali huenda kwa bingwa, na maskini ndiye anayefundishiwa. Je, sisi Wakristo twaweza kulitazama jambo hilo na kusema ni sawa?

Swali hili lilitukuta sisi wenyewe kwa namna ndogo. Kila mwaka tulikuwa tukiwapeleka wanachuo wetu kwenye shule za msingi kwa mazoezi ya kufundisha. Mwaka mmoja mwalimu mkuu wa shule mojawapo alituambia kwa upole, "Wakufunzi, watoto hawa wana mwaka mmoja tu wa darasa la nne. Hawana mwingine." Tulimjibu kwamba pasipo mazoezi hapatakuwa na walimu. Jibu lile lilikuwa la kweli, lakini halikutosha, na tuliona usoni pake kwamba alijua hivyo. Maana baadhi yetu tulikuwa tukimwingiza mwanachuo darasani, tunakaa dakika kumi, tunatia sahihi, kisha twaenda ofisini kunywa chai. Hasara yote ya somo lililoharibika waliibeba watoto.

Ndipo tulipokuja kusoma habari za Mamitu Gashe. Huyu alikuwa msichana wa shambani aliyeletwa kwa akina Hamlin mwanzoni mwa miaka ya 1960, akiwa na fistula, asiyejua kusoma wala kuandika. Akiwa hospitalini alianza kusaidia kazi ndogo ndogo: kutandika vitanda, kuwaosha wagonjwa, kisha kumpa daktari vifaa katika chumba cha upasuaji. Dr. Reginald akaona kwamba macho yake yanafuata kila kitu. Akamwacha afanye jambo dogo, halafu jambo kubwa kidogo, yeye mwenyewe akiwa amesimama kando yake. Miaka ikapita hivyo. Mwishowe Mamitu akawa mpasuaji hodari wa fistula, hata madaktari wenye digrii kutoka nchi mbalimbali wakaja Addis Ababa kujifunza mezani pake. Mwaka 1989 Chuo cha Kifalme cha Wapasuaji cha London kiliwatunuku medali ya dhahabu akina Hamlin wawili pamoja naye.

Waswahili husema, mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Hawa walimkabidhi kisu mtu ambaye hakuna chuo ambacho kingempokea, nasi tuliokaa miaka mingi tukipanga watu kwa vyeti vyao yatupasa kunyamaza kidogo hapo. Lakini tuangalie walivyomkabidhi. Mwalimu hakuondoka. Mkono wa mwanafunzi ukitetemeka, mkono wa bingwa ulikuwa karibu. Na mwanafunzi mwenyewe alikuwa amelala juu ya meza ile ile, akijua maumivu na aibu ya yule aliyelala mbele yake. Hakuhitaji kukumbushwa kwamba huu ni mwili wa mtu.

Basi jibu letu ni hili. Ni haki kufundisha wakati wagonjwa wangoja, mradi mwalimu akubali kubeba hasara pamoja na mgonjwa. Mzee Yethro alipomwona Musa akiamua kesi za watu tangu asubuhi hata jioni, na watu wamesimama wamemzunguka, alimwonya kwamba atachoka yeye na watu wake pia, akamshauri achague wengine wa kumsaidia. Hospitali ya Addis Ababa na matawi yake matano ya mikoani yamewatibu akina mama zaidi ya 60,000. Hakuna mikono miwili duniani iwezayo kazi hiyo. Tena Dr. Hamlin aliona kwamba kuziba matundu bila kuyazuia ni kuteka maji kwa pakacha. Kwa hiyo mwaka 2007, akiwa na umri wa miaka 83, alifungua chuo cha wakunga. Huchukua wasichana kutoka vijijini, huwafundisha, kisha hurudi kuwahudumia akina mama wa vijijini. Ile kazi aliyoitiwa mwaka 1959 ikasimama.

Hata hivyo tusijidanganye kwamba hesabu hizo zinamfutia machozi yule mama aliyeambiwa arudi kesho. Wanaopona mwakani hawamlipi yeye. Hilo ni deni, na twadhani mwalimu mwema hulijua na huishi nalo. Pengine ndiyo maana Dr. Hamlin hakurudi kwao kupumzika.

Ndugu zetu, fistula iko hapa kwetu pia. Pengine yuko mama katika mtaa wetu ambaye hatumwoni kanisani kwa sababu anaona haya kukaa karibu na watu. Umoja wa Akina Mama wamtafute, wamwambie kwamba ugonjwa huu unatibika, na kwamba hospitali kadhaa za nchi yetu hufanya upasuaji huo.

Na kila mmoja wetu ajiulize ni ujuzi gani anaoushikilia peke yake. Mpiga kinanda wetu, mshonaji, mkunga mzee, mtunza hesabu za parishi: twasema vijana wataharibu, na ni kweli, mwanzoni wataharibu. Mwite mmoja hata hivyo. Mpe kiti chako, nawe usiende kunywa chai.